Kitambaa cha Dirisha la Jikoni

Jumapili, 16 Mei 1976

Daftari hili lilibaki mikononi mwangu nilipoacha kufundisha ushonaji kwa masista. Lina kurasa nyingi tupu na mimi nina maneno mengi, basi tumefaana. Nitaandika mpaka mvua ya kwanza. Tarehe hiyo aliiweka daktari wa reli. Alimpima mume wangu kifua, akavua miwani, akasema na mimi badala ya mgonjwa: "Mama, umulinde na baridi. Akifikia nvula ya kwanza, atakuwa ameshinda mwaka." Mwaka jana baridi ilichukua wastaafu watatu wa reli katika mtaa huu peke yake, na wote walikuwa na kifua kama chake.

Mume wangu ni Léonard Kunda. Kwenye kitambulisho hana Léonard tena. Serikali imewafuta watakatifu wote kwenye majina yetu, nami Virginie nimekuwa Citoyenne, yaani raia, Mwape. Lakini hapa ninaandika peke yangu, nitamwita kila mtu kwa jina lake. Miaka ishirini alikuwa mpika moto wa treni, anatupa makaa ndani ya mashine kutoka hapa mpaka Kamina, moto kifuani na upepo mgongoni. Zilipokuja mashine za umeme akastaafishwa, tukatoka kambi ya reli, tukajenga hapa Annexe, pembeni mwa Lubumbashi, kando ya barabara ya Kasapa. Tuna nyumba ya vyumba viwili na jiko la matofali lililojitenga uani. Mtoto wetu Constantin yuko mgodini Kolwezi.

Leo Baba Constantin ameniambia anataka kufuga vifaranga. Nikacheka, nikamuuliza kama kuku wangu sita hawamtoshi. Halafu nikaona anaitazama mikono yake isiyo na kazi, nikaacha kucheka.

Jumamosi, 22 Mei

Salongo. Kazi ya lazima ya umma, amri ya chama. Tumefagia barabara ambayo upepo ulikuwa unaichafua nyuma yetu. Saa nne akaja Mumba, mkuu wa cellule yetu ya chama, na lori la miche. Zamani alikuwa fundi cherehani. Abacost yake, suti ya chama isiyo na tai, alijishonea mwenyewe, na bega moja liko juu ya jingine. Jakaranda moja kwa kila nyumba, ipandwe mbele ya lupango, kiwanja cha nyumba, kando ya barabara, kwa sababu mwezi wa nane wageni wakubwa watapita hapa kwenda chuo kikuu.

"Kama muti inakufwa," alisema Mumba, "tutajua mwenye nyumba hapendi maendeleo. Ile ni sabotage."

"Shefu," mume wangu akamwambia, "nvula imeisha. Nani anapandaka muti mu baridi?"

"Citoyen Kunda, muti ya parti haiogope baridi."

Watu walicheka, kisha wakatazamana kuona kama wameruhusiwa.

Wetu nimeupanda mimi. Jirani wa mkono wa kushoto, Kapinga, amepanda wake vizuri kuliko wote, nakiri, na kuuzungushia mawe. Ni mjane, anauza makala, makaa ya kupikia, kwa kopo mbele ya nyumba yake. Ni mtu wa Kasai, mgeni kwetu Katanga. Mama mkwe wangu alikuwa akisema ukikaa na mtu wa Kasai lala jicho moja wazi. Mimi nimekaa naye miaka miwili na sijaona kitu, ila ananyamaza mno, na mimi watu wanaonyamaza wananichosha.

Jumamosi, 29 Mei

Vifaranga arobaini kutoka shamba la mapadri. Baba Constantin alivileta kwa baiskeli, sanduku amelifunika kwa koti lake la reli, yeye mwenyewe na shati tu. Nimemgombeza mpaka sauti ikakauka. Alikuwa anatabasamu tu. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu siku ya mwisho ya treni ya moshi.

Alhamisi, 3 Juni

Baridi imeingia. Asubuhi majani ya bondeni yalikuwa meupe. Vifaranga sita tumevikuta vimelaliana, vimekufa.

Baba Constantin ameamua kulala jikoni pamoja navyo. Hata yeye atapata joto, anasema, na ukweli chumba chetu ni baridi kuliko nje. Tumepeleka godoro. Jiko lina mlango mzuri, na dirisha moja dogo, tundu la matofali mawili tu, upande wa Kapinga. Halina kifuniko. Nimekata kipande cha koti lake la reli, lile la bluu zito, nikakishindilia kwenye tundu kwa fimbo.

"Ile kooti ilinivusha Kamina mara mia," alilalamika.

"Sasa itakuvusha mwezi wa saba," nikamwambia.

Mbabula, jiko dogo la makala la kubebeka, tunaiwasha nje kama mama zetu walivyotufundisha. Unaacha moshi uishe, makala yawe mekundu kabisa, ndipo unaiingiza. Moshi ndio mbaya. Saa kumi ya alfajiri, baridi inapouma zaidi, anaongeza makala mwenyewe na kulala tena.

Jumamosi, 5 Juni

Salongo. Baridi. Vifaranga thelathini na wanne.

Jumanne, 8 Juni

Vinne vimekufa. Baba Constantin ameamka na kichwa kinamgonga, akatapika nyuma ya nyumba. Nimemkanda kifua kwa mafuta.

Alhamisi, 10 Juni

Nimegombana na Kapinga. Niandike yote, hasira isije ikanisahaulisha.

Alisimama kwenye ua wa mabua, mikono myeusi kwa makala. "Mama Constantin, nakulomba, ufunge bakuku yako. Banafukula muti yangu. Mizizi iko inje."

Nilikuwa nimewaona kuku wangu pale, ni kweli. Alikuwa na haki, lakini mtu mwenye haki asubuhi mapema anakera. Nikamwambia kuku hana kadi ya chama, anatafuta wadudu anapowapata.

Akafuta mikono kwenye kitenge. Nikadhani yameisha. Kisha akasema polepole: "Na ile dirisha ya jiko. Musiifunge. Makala mu nyumba ya kufunga inauaka bantu. Mukifunga vile, baba atakufwa mule."

Mtu gani anataja kifo cha mume wa mwenzake hivyo, wazi, kwenye ua, juu ya ugomvi wa kuku? Nikamwambia: "We unauzisha makala, sasa unanikataza kuwasha makala? Unaniombea lufu, bwana yangu akufwe?"

"Mi nasema kile najua," akajibu, akarudi kwenye makopo yake.

Nilimweleza Baba Constantin. Naye alikasirika kidogo, kwa upande wa kazi yake. "Mi nilipika moto miaka makumi mbili. Moto bila moshi ni moto safi. Huyu mama atanifundisha nini?" Makala sasa nitanunua sokoni, hata kama ni mbali.

Ijumaa, 11 Juni

Asubuhi kitambaa cha dirisha nimekikuta chini, nje. Nimekirudisha. Vifaranga vyote vizima. Baba Constantin amekula bukari, ugali wetu, sahani mbili na kudai ya tatu.

Jumapili, 13 Juni

Tena kitambaa chini. Baba Constantin anasema ni upepo.

Baada ya misa nimemsimulia wifi yangu, Delphine. Alisimama katikati ya njia. "Dada, dirisha njo mulango ya mulozi. Kama anatoa kitambaa, ni juu ya kuingia." Delphine anaona uchawi hata kwenye kikohozi cha padri, mimi simfuati kila anachosema. Lakini ameyatia masikioni mwangu na hayatoki.

Jumatano, 16 Juni

Kitambaa mahali pake. Vitatu vimekufa. Kichwa kinamuuma tena, na magoti, anasema, hayana nguvu.

Alhamisi, 17 Juni

Kitambaa chini. Hakuna aliyekufa.

Jumamosi, 19 Juni

Salongo. Tumelima mfereji. Mumba alipita akikagua miti kwa fimbo. Wetu nimeuvalisha gunia usiku. Wa Kapinga umeanza kuwa njano.

Jumanne, 22 Juni

Kitambaa kilikaa. Viwili vimekufa, na Baba Constantin alianguka mlangoni alipotoka kukojoa. Nilimpeleka kwa daktari wa reli. Alimsikiliza kifua, akampa sharubati ya kikohozi, akaniambia nimfunike vizuri zaidi. Nimeongeza gunia chini ya mlango wa jiko, pale upepo ulipokuwa unapita.

Alhamisi, 24 Juni

Leo nimepata ushahidi. Kitambaa chini, na chini ya dirisha nyayo za viatu vya mpira wa gari kwenye vumbi. Katika mtaa huu viatu vile anavaa Kapinga peke yake. Zinatoka mlangoni kwake, zinasimama chini ya dirisha langu, zinaendelea mpaka barabarani. Anasimama pale alfajiri, mkono wake unaingia katika nyumba yangu, anafanya analofanya juu ya mume wangu aliyelala. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikuweza kula mchana.

Baba Constantin alikuwa ameketi juani na kifaranga mapajani. Nilipomwambia, alisema, "Mwache, mama. Asubuhi ya leo najisikia muzuri." Hivi ndivyo walozi wanavyopata watu wema.

Jumatano, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Baridi mbaya. Vifaranga ishirini na watano.

Jumamosi, 3 Julai

Mumba amesoma majina ya watu wenye miti mibaya. Ni sita. Kapinga yumo, mti wake umebaki na majani manne. Amepewa wiki moja.

Jumatano, 7 Julai

Kitambaa chini. Nimekirudisha, nikakigongomea misumari miwili.

Ijumaa, 9 Julai

Msumari mmoja umeng'olewa, kitambaa kinaning'inia; nimekigongomea upya. Baba Constantin amelala vizuri. Mimi ndiye nisiyelala.

Jumamosi, 10 Julai

Salongo. Wamemchukua Kapinga.

Jumapili, 11 Julai

Jana sikutaka kuandika. Leo nimetoka misani bila kukomunika, na najua kwa nini, kwa hiyo niandike.

Mti wa Kapinga ulikuwa kijiti kitupu. Mumba alikuwa na vijana wawili wa chama na fimbo zao. Kapinga akamwambia anaumwagilia kila jioni, maji ya kufulia, hata ya kunywa. Mumba akageuka kututazama sisi majirani tuliosimama na majembe. "Nani ameona huyu mama kumwangia muti yake maji?"

Nilikuwa nimemwona. Kila jioni, kwa kopo lile lile la kupimia makala, anachuchumaa na kumimina kidogo kidogo ili maji yasikimbie. Na kuku wangu nilikuwa nimewaona wakifukua. Tena najua jakaranda. Ile mikubwa ya mjini, kila mwaka baridi inaivua nguo, hubaki vijiti, na hakuna anayeiita mifu.

Nikasema: "Mi sijaona kitu. Naona anapitapita mu lupango ya bantu alfajiri, basi. Muti, hana kazi nayo."

Kapinga aliniangalia. Vijana wakamshika mikono, mmoja kila upande, akaomba tu wamwache afunge mlango wake. Hawakumruhusu. Mlango ulibaki wazi mchana kutwa, mpaka jioni nikaenda kuufunga mimi. Sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Baba Constantin alikuwa amesikia yote kutoka kwenye kiti chake. Alisema tu, "Huyu mama eko peke yake, Virginie." Huniita Virginie akiwa na huzuni na mimi.

Jumatatu, 12 Julai

Kitambaa mahali pake, asubuhi ya pili. Vimekufa vinne. Baba Constantin amelalamikia kichwa, akalala mpaka saa sita mchana. Wifi Delphine amepita na samaki wa Kilwa. Anasema uchawi huo ulikuwa umeshapandwa, utachukua siku kutoka, tusiwe na haraka.

Jioni nilimwashia mbabula mwenyewe. Nilingoja moshi uishe kabisa. Nikamwingizia, nikafunga mlango, nikasukuma gunia chini yake. Alisema kutoka ndani, "Leo njo joto ya kweli, mama." Nami nilifurahi. Ninakwenda kulala nikiwa na furaha.

Alhamisi, 22 Julai

Siku kumi sikuandika.

Jumanne tarehe 13, saa kumi na mbili na nusu, mlango wa jiko haukufunguka kutoka ndani. Nilisukuma na gunia likakwama. Nilipoingia, joto lilinipiga usoni, kisha kizunguzungu. Vifaranga vyote vilikuwa vimelala chini, vimetawanyika. Siku nyingine vilivyokufa vilikuwa vimelaliana kwa baridi. Hivi vilikuwa vimetandaa kila mahali kama vimechoka kutembea. Baba Constantin alikuwa ubavuni, mkono chini ya shavu. Midomo yake ilikuwa myekundu, na uso wake ulikuwa na rangi nzuri ambayo sikuwa nimeiona mwaka mzima. Nilidhani amepona. Nilimwita mara tatu kabla ya kumgusa.

Wanaume wa reli walimbeba. Constantin alifika kutoka Kolwezi siku iliyofuata, tukamzika baba yake. Kila mtu aliyekuja kilioni alisema ni kifua, na kifua kilitosha. Delphine alisema jambo jingine, kwa sauti ya chini lakini si chini sana. Vijana wa ukoo wakaanza kuongea kuhusu nyumba ya Kapinga na kiberiti. Constantin ndiye aliyewakataza.

Alhamisi tarehe 15 Mumba alimwachilia Kapinga. Alikuja moja kwa moja kilioni bila kupita kwake, na nguo ile ile, uso umevimba upande mmoja. Delphine akasimama njiani. Kapinga akamzunguka, hakwenda kukaa na wanawake wanaolia, akaenda jikoni. Nilimfuata, na Constantin nyuma yangu.

Aliangalia mbabula pale katikati. Aliangalia dirisha. Kitambaa kilikuwa bado kimeshindiliwa, na misumari yangu. Akakichomoa, akakishika.

"Njo hii," alisema. "Kila asubuhi napita, nilikuwa nakitosha inje."

"Juu ya nini?" Constantin aliuliza.

Kapinga akasema akiwa ameangalia ukuta. Zamani alikuwa na watoto wawili, Jeannot na mdogo wake wa kike. "Ile wakati ya vita ya Katanga, bantu balitufukuza mu manyumba. Tulikuwa mu camp ya bakimbizi, hapa hapa Lubumbashi, juu tulikuwa bantu ba Kasai, munajua benyewe. Ilikuwa mwezi ya saba. Niliingiza mbabula mu hema, makala mekundu, bila moshi, nikafunga muzuri juu batoto basisikie baridi. Asubuhi niliamuka peke yangu."

Mimi nilikuwa msichana mkubwa... hapana, nilikuwa mama mzima mwaka ule, nilipita karibu na kambi ile nikiwa na kikapu, nikaziba pua.

"Saa kumi mi naendaka kungojea makala ya malori mu barabara," Kapinga aliendelea. "Napita hapa. Naona dirisha imefungwa, natosha kitambaa na fimbo. Nangojea baba akohoe. Akikohoa najua eko muzima, naenda. Siku malori haikuje, mi silamuke mapema, sipite. Nilikuambia, Mama Constantin. Nilikuambia siku moja, ukanifukuza, nikaona ni bora kufanya kuliko kusema."

Nilikwenda chumbani, nikachukua daftari hili, nikasoma kutoka mwanzo. Asubuhi za kitambaa chini, hakuna aliyekufa. Asubuhi za kitambaa mahali pake, wamekufa, na kichwa kinamuuma. Nilikuwa nimeyaandika yote kwa mkono wangu, siku kwa siku, wala sikusoma. Asubuhi tatu alipokuwa kizuizini hakuna mtu aliyepita. Ile ya tatu ndiyo ilitosha.

Jumamosi, 24 Julai

Salongo. Sikwenda. Mumba alinitumia rambirambi.

Jumatatu, 2 Agosti

Constantin amerudi kazini. Alitaka nimfuate Kolwezi. Nimekataa. Aliniuliza mara moja tu, mlangoni, mkoba tayari mkononi: "Mama, ni nani alisema juu ya muti ya Mama Kapinga?" Nikamwambia ni mimi. Aliufunga mkoba uliokuwa umeshafungwa, akaenda kupanda basi.

Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja mtoto azae.

Jumamosi, 14 Agosti

Wageni wakubwa wamekuja mjini. Walipita barabara nyingine. Tulisimama na bendera mpaka saa nane mchana.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimekwenda kwa Mumba. Nilimwambia nilisema uongo, Kapinga alikuwa anamwagilia, na kuku waliofukua ni wangu. Alikuwa anashona suruali, ameshika sindano mdomoni. Akaitoa. "Citoyenne Mwape, ile dossier imefungwa. Wageni bamepita. Unataka tuifungue tena juu ya nini?" Nikasema aandike tu mahali, kwamba si kweli. Akanionea huruma, akaniambia niende nipumzike, kilio kinachanganya akili.

Kwa hiyo nikaenda kwa Kapinga. Alikuwa anapanga makopo. Nilisimama kwenye ua uleule.

"Ni mimi nilikupeleka," nikasema.

"Najua. Nilikuwa pale."

"Nilikuona ukimwangia maji. Kila jioni nilikuona."

"Hata ile najua. Ulikuwa unakaa pale kwa mulango unachambua majani ya sombe."

Nilingoja atukane. Nilitamani atukane. "Na bado ulikuja kilioni," nikasema.

"Nilikuja juu ya yeye." Akajaza kopo, akalisawazisha kwa kiganja. "Juu yako sijui bado."

Nilinunua makala kopo mbili. Hakunipunguzia wala hakuniongezea.

Jumapili, 12 Septemba

Joto na vumbi, moshi wa nyasi kila upande. Baridi imekwisha. Ilichukua mmoja tu mwaka huu katika mtaa wetu, na si yenyewe iliyomchukua. Kuku wangu sita ninawafungia uani kwa kamba mguuni. Mti wangu mwenyewe umekufa kabisa, ukiuvunja ni mkavu mpaka chini. Gunia lile la usiku liliuozesha. Hakuna aliyekuja kuuliza.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mvua. Ilianza saa tisa mchana, matone mazito kwenye bati, harufu ya vumbi lililolowa. Watoto wa mtaa walitoka kukimbia. Nilikaa kwenye kiti chake mlangoni mpaka ikaisha, maana hii ndiyo tarehe tuliyokuwa tunaingoja. Akifikia mvua ya kwanza. Nililia kwa sauti, na kwa kuwa bati lilikuwa linapiga kelele hakuna aliyesikia.

Jumapili, 17 Oktoba

Mti wa Kapinga una majani. Ni madogo, yametoka pale chini karibu na mawe na mengine juu kwenye ncha, mabichi kabisa. Haukuwa umekufa. Walimpiga juu ya mti uliokuwa umelala tu, na mimi nilijua. Nimesimama mbele yake asubuhi ya leo mpaka waliokuwa wanakwenda misani wakaanza kunitazama.

Nilisema nitaandika mpaka mvua ya kwanza, na imenyesha, basi nifunge.

Siku hizi ninalala jikoni, kwenye godoro lake. Mbabula iko nje. Kitambaa nilikichoma, na tundu liko wazi, mvua inaingia kidogo na ninaiacha. Saa kumi ya alfajiri ninakuwa macho. Ninasikia mlango wa Kapinga, kisha viatu vyake vya mpira kwenye tope. Hana haja tena ya kupita upande huu, mfereji wa salongo umemfungulia njia fupi zaidi. Anapita bado. Anafika chini ya dirisha, anasimama, anangoja.

Ninakohoa kidogo, ili ajue. Ndipo anaenda.